Jiwe la Chini ya Dirisha

Mafundi waashi wa zamani walikuwa na ugonjwa wao: habari za ukuta walizijua zote, habari zao wenyewe hawakujua kuzisema. Huyu wa hadithi hii ugonjwa huo ulikuwa umemlaza kabisa. Alijenga miaka hamsini. Alijenga shule, zahanati, ghala na nusu ya nyumba za mtaa wa juu, na ukimuuliza kazi zako zikoje, mzee, alikujibu, "Zimesimama." Basi. Ukingoja neno la pili utangoja mpaka uote mizizi.

Walimwita Timazi, jina la kile kipande cha risasi kinachoning'inizwa kwenye uzi ili fundi ajue ukuta umesimama wima au umelewa. Jina alilipata akiwa kijana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuta zake. Ya pili ni mdomo wake, maana uongo ulikuwa haumpiti kooni, hata ule mdogo wa heshima ambao sisi wengine tunausema kabla hatujanawa uso. Tajiri mmoja alifungua nyumba yake mpya, wageni wamejaa, akamwita fundi mbele ya watu aseme neno la sifa. Timazi akasema sebule ni nzuri, ila choo mwenyewe alilazimisha kiwekwe upande unakotoka upepo, na wageni watakijua tu baada ya chakula. Hakualikwa tena. Lakini tajiri huyo huyo alipotaka kujenga ghala alimtafuta yeye, kwa sababu mafundi wenye maneno matamu walikuwa wamemjengea uzio ukaanguka wenyewe, mchana kweupe, bila hata upepo.

Mwenzake wa kazi aliitwa Pimamaji, kama kile kifaa chenye tone la maji kinachopima ulalo. Waliitana ndugu ingawa hawakuzaliwa pamoja. Watu walisema wawili hao wakishika kazi hakuna ukuta utakaopinda, na ilikuwa kweli. Kilichopinda ni ulimi wa Pimamaji. Ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri lilikurudia limenenepa.

Wote wawili walifundishwa na mzee mkali, Bwana Kozi, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikagua kila kozi, yaani kila mstari wa mawe, kabla hujalaza mwingine juu yake. Jiwe lililokaa vibaya alilipiga teke, na kama mguu wako ulikuwa chini yake, shauri yako. Ni Bwana Kozi aliyewaachia desturi ya alama. Kila fundi alikuwa na alama yake, na katika kila jengo aliichonga mara moja tu, kwenye jiwe moja. Kisha jiwe hilo lililazwa uso wake ukiangalia ndani ya ukuta, kwenye chokaa, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Hukuionyesha alama yako. Hukumwambia mtu iko wapi, awe mwenye nyumba au mama mzazi. Bwana Kozi alisema fundi anayeonyesha alama anaomba sifa, na akishaanza kuomba sifa hatakuwa na muda wa kuangalia uzi.

Mawe yenyewe yalitoka kilimani. Juu ya mtaa palikuwa na boma la mawe lililoanguka zamani mno. Hata babu wa babu zao walilikuta limeanguka. Mawe magumu, mazuri, yako tayari, na nani atapasua mwamba wakati mawe yamelala yanamsubiri? Miongoni mwake yalikuwamo yaliyochongwa: miduara, mduara ndani ya mduara, na kitone katikati. Mwingine yeyote angeyaona angesema ni mizimu, au ramani ya hazina. Bwana Kozi alilitazama la kwanza muda mrefu, akalipitishia kidole, akasema, "Hii ni alama ya fundi. Fundi wa kale, lakini fundi. Laza ndani, kama yako."

Kosa hilo ni waashi tu wangeweza kulifanya. Waliona mwenzao wa kazi pale wasomi wangeona maajabu. Basi kwa miaka mingi kila jiwe la kilimani lenye mduara liliingia ukutani likiangalia ndani, kwa heshima. Mawe mengine ya kupigwa lipu waliyadonoa uso mzima kwa ncha ya nyundo, kishimo baada ya kishimo, maana lipu haishiki jiwe laini. Timazi alidonoa maelfu. Yenye alama hakuyadonoa hata moja.

Nyumba yake mwenyewe aliijenga na mkewe. Wanaume wengi husema nimemjengea mke wangu nyumba. Yeye alijenga naye. Mkewe alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye mikono yenye nguvu isiyolingana na mwili wake. Alipandisha maji kutoka bombani ndoo kwa ndoo, alichekecha mchanga, alikoroga chokaa, alishika ncha ya pili ya uzi. Siku walipofika kwenye dirisha la chumba cha ndani, Timazi alitoa tindo yake achonge alama. Akamwona mkewe ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, chokaa mpaka kwenye nyusi. Akaona haya.

"Chonga wewe," akamwambia.

"Mimi? Tangu lini nikawa fundi?"

"Nusu ya ukuta huu umebeba wewe."

"Nusu tu?" mkewe akasema. "Haya, lete hiyo tindo."

Alama hakuwa nayo. Akaangaza macho, akaona jiwe la kilimani lenye mduara na kitone lililokuwa likingoja zamu yake, akaiga. Alichonga mchana kutwa, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Tindo ilikuwa na pengo dogo kwenye makali, kwa hiyo kila pigo liliacha mistari miwili badala ya mmoja. Alipokuwa anaufunga mduara tindo ikateleza, ikatoka nje hadi ukingoni. "Tazama, umeota mkia!" akasema, akacheka mpaka akaketi chini. Timazi alitaka kuusahihisha, mkewe akamkatalia katakata. Wakalilaza jiwe pamoja, uso ndani, kozi ya pili chini ya dirisha, upande wa kushoto.

Mwaka uliofuata mkewe alijifungua binti. Binti alipokuwa na miezi kumi na minne, mama yake alifariki kwa homa ya siku tatu. Picha hakuacha. Kuandika hakujua, kwa hiyo hata barua haikuwapo. Nguo zake zilichakaa miilini mwa dada zake. Katika dunia nzima, kitu pekee ambacho mkono wa mwanamke yule ulikifanya kikabaki ni mduara wenye mkia, nao ulikuwa gizani ndani ya ukuta. Aliyejua ulipo alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amefundishwa kufunga mdomo.

Binti alikua, akawa mshonaji, cherehani yake ikakaa chumba cha mbele. Mtaa ulimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Aliolewa, akaachika, akarudi kwa baba yake na cherehani ile ile. Kila asubuhi alimwona baba yake akiweka kiganja ukutani chini ya dirisha, akikiacha hapo kidogo, kisha akienda kunawa. Alidhani anapima unyevu.

"Umekauka?" alimtania.

"Umekauka," baba alijibu. Na ulikuwa umekauka kweli, kwa hiyo hakuwa amesema uongo.

Akiwa na miaka minane Sindano alimuuliza mama alikuwaje. Timazi alifikiri muda mrefu, akajibu, "Mwembamba." Na nini tena, baba? "Alikuwa na nguvu." Mtoto akangoja. Hakupewa zaidi, na baadaye akaacha kuuliza.

Kisha akaja mwanamke wa makumbusho, msomi wa mambo ya kale. Mtaa ulimwita Daktari wa Mawe. Alipanda kilimani na vifaa vyake akakuta mashimo na nyasi, boma zima limehamia mtaani. Angerudi zake siku hiyo hiyo na sisi tungekaa salama. Lakini wakati wa kushuka alipumzika kwenye benchi la kibanda cha chai, akamkuta Pimamaji, akafanya kosa la kumwambia kwamba anaonekana mtu anayejua mengi. Glasi ya pili haijaisha, desturi ya Bwana Kozi yote ilikuwa imemwagika mezani. Pimamaji akanyoosha kidole. "Anza na ile nyumba pale. Yule bwana anajua yalipo, moja moja."

Barua ilifika na muhuri. Mawe yaliyochongwa ni mali ya taifa; kuta zitafunguliwa, mawe yatatolewa, matundu yatazibwa kwa matofali ya saruji, na mwenye nyumba anaombwa ushirikiano. Timazi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kwa mwenzake.

"Umetuuza, ndugu yangu."

"Nimewauza kwa nani? Ile ni historia. Na ameniahidi jina langu litaandikwa."

"Bwana Kozi angekupiga teke."

"Bwana Kozi alikwenda zamani, na leo hakuna mtu anayemjua. Unataka na sisi tuishie hivyo hivyo?"

Timazi alirudi nyumbani. Swali lilikuwa limempata pabaya.

Daktari wa Mawe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana ningependa sana awe mbaya. Alibisha hodi kwa adabu, akaamkia, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Mawe yamo mangapi?"

"Ya watu wa kale, sita," Timazi akasema.

Sentensi hiyo aliitengeneza siku tatu, akaipima pande zote. Ilikuwa kweli tupu. Akachukua kipande cha chaki akaonyesha mwenyewe: mawili kwenye pembe, moja juu ya mlango, mawili ukuta wa nyuma, moja karibu na dirisha la ndani. Akawaelekeza vibarua waanze juu washuke, wakate chokaa pembeni, wasipige jiwe lenyewe. Vibarua waliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kisha wakafanya walivyozoea. Walipofika kwenye lile la karibu na dirisha walilichokonoa kwa mtaimbo, na mawe ya jirani yakalegea. Jiwe la saba likatoka lenyewe. Likaanguka chali vumbini, na jua la dirishani likaupiga mduara kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na tisa.

Daktari alipiga magoti kana kwamba kuna mtu amemsukuma.

"Mzee! Hili hukuniambia."

"Hilo si la kale."

"Hili ni zuri kuliko yote. Tazama huu mkia! Sijawahi kuona mduara wenye mkia."

"Ni la mke wangu. Alilichonga yeye. Nilikuwapo."

Daktari akainua uso, akamtazama kwa huruma, ile huruma anayopewa mtu asiyesadikiwa. "Mkeo alikuwa fundi?"

"Alikuwa anakoroga chokaa."

Kibarua mmoja akacheka. Pimamaji naye, aliyekuja kutazama na shati lake la sherehe, akatikisa kichwa. "Ah, Timazi, ndugu yangu. Ungetafuta uongo mwingine. Nimejenga na wewe miaka thelathini, hilo hujanitajia hata siku moja."

Na kweli hakuwa amemtajia. Mtu aliyekaa miaka sabini na moja bila kusema uongo akageuzwa mwongo ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya binti yake, kwa neno la kweli kuliko yote aliyowahi kutamka. Wakalizungushia jiwe pamba na turubai, wakaliandika namba saba, wakalipakia garini. Matundu wakayaziba kwa matofali, yakabaki ukutani kama viraka vya suruali ya shule.

Sindano alikuwa amesimama mlangoni muda wote, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Gari lilipoondoka akaingia.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Mama alichonga kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

Sindano akaenda kitandani kwake, akaketi, akanyoosha mkono kuelekea dirishani. Vidole vyake viligusa tofali jipya.

"Hapa," akasema. "Lilikuwa hapa. Mimi nimelala hapa tangu utotoni. Nilikuuliza mama yangu alikuwaje ukaniambia mwembamba. Baba, mwembamba! Kila mtu ni mwembamba!"

"Ilikuwa desturi. Fundi hasemi."

"Mimi ni mteja wako? Mimi ni mwenye nyumba?" Sasa alikuwa analia, na hasira ilikuwa inakishinda kilio. "Unajua nimeona nini leo? Nimeona mgongo wa yule Daktari. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, kaliziba lote. Kila mtu mle ndani ameona mkono wa mama yangu. Vibarua wameuona. Pimamaji ameuona. Mimi sikuuona."

Timazi alisimama katikati ya chumba, mikono imemning'inia. Alijuta. Kwa mara ya kwanza maishani alimchukia Bwana Kozi.

"Nitalirudisha," akasema. "Utaliona. Utalishika."

Sindano akajifuta uso kwa tepu. Angekuwa baba mwingine angemwambia usinidanganye. Huyu alimwamini, kwa sababu alikuwa Timazi.

Mawe yalipowekwa hadharani, Timazi alivaa koti lake moja akaenda makumbusho. Jiwe la saba lilikuwa limepewa meza yake peke yake, limemulikwa taa kutoka juu, na mbele yake kamba ya kuzuia mikono. Kibao kilieleza kwamba lina umri wa miaka elfu tatu, na kwamba mkia ule huenda ni nyota iliyoonekana angani, au mto, au njia ya roho kutoka mwilini. Mwalimu mmoja alikuwa amesimama na darasa lake akieleza jinsi watu wa kale walivyokuwa na fikra nzito. Timazi alisikia sauti ya mkewe ikisema umeota mkia.

Akaomba kumwona Daktari. Alipokaribishwa ofisini hakulalamika. Alifungua kitambaa, akaiweka tindo yake mezani, katikati ya makaratasi.

"Watu wa kale hawakuwa na chuma," akasema. "Walichonga jiwe kwa jiwe. Ukiangalia kazi yao, ndani ya mfereji wa mchoro kuna vidonda vya mviringo na kingo zimelala. Yale sita yako hivyo. Hili la saba kingo zake zimesimama, na chini kuna mistari miwili miwili. Hii tindo ina pengo. Lete taa."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Daktari akachukua taa na kioo chake cha kukuzia, wakaenda wote mpaka kwenye meza. Daktari akaivuka kamba. Akaiweka tindo ndani ya mfereji, ikakaa, pengo kwenye mstari, mstari kwenye pengo. Akaisogeza mahali pengine. Ikakaa. Alirudia mara saba au nane, na kila mara uso wake ulizidi kupauka.

"Mzee," akasema mwishowe, "nimeshaandika makala. Nimesimama mbele ya wasomi wenzangu nikazungumza saa nzima juu ya mkia huu."

"Mkono uliteleza," Timazi akamwambia. "Alicheka sana."

Daktari aliangalia chini. Nasema tena, hakuwa mbaya. Mwingine angemfukuza fundi akalinda jina lake. "Nipe wiki mbili. Lazima kwanza lifutwe kwenye orodha, halafu uje ulichukue. Ni lako."

Timazi alitembea kurudi nyumbani bila kuhisi miguu. Zile wiki mbili, nadhani, ndizo nzuri kuliko zote ambazo baba na binti waliwahi kuishi pamoja. Mzee alifunguka. Sindano akishona, yeye alikaa kwenye kigoda akasimulia: ndoo iliyopinduliwa, chokaa kwenye nyusi, ulimi pembeni mwa mdomo, jinsi mama yake alivyosema "nusu tu?" Sindano alimfanya arudie hiyo mara tatu. Akajitazama kwenye kioo akishona, akakuta ulimi wake umetokeza pembeni mwa mdomo. Akauacha hapo, akaendelea na pindo. Akashona mfuko wa blanketi wa kubebea jiwe, wenye mishikio minne, na mahali pa kuliweka akapasafisha mwenyewe, karibu na cherehani, uso nje.

Siku ilipofika wakaazima mkokoteni wakaenda wote wawili. Daktari hakuwapo, alikuwa amesafiri kikazi. Wakaelekezwa kwa mtunza ghala, mtu mwenye kalamu sikioni, aliyefungua daftari akashuka na kidole.

"Namba saba. Si la kale. Liondolewe." Akapiga alama ya vema hewani. "Limeondolewa."

"Limewekwa wapi?" Sindano akauliza.

"Dada, kilichoondolewa hakiwekwi. Kinatoka nje, kwenye kifusi. Humu ndani hakuna nafasi."

"Daktari alisema tulichukue sisi," Timazi akasema.

"Huenda alisema. Hapa hakuandika." Aliwageuzia daftari walione wenyewe, na kweli palikuwa patupu. "Angalieni nyuma, labda bado lipo. Juma lililopita palikuwa na rundo."

Nyuma ya makumbusho rundo halikuwapo. Palikuwa na kibanda kipya cha walinzi, kimeshapauliwa, kuta za mawe zimekamilika, na fundi mmoja mnene anatayarisha lipu kwenye karai. Sindano alibaki nyuma kidogo, gurudumu la mkokoteni limenasa kwenye kokoto, akawa anahangaika nalo.

"Mawe umeyatoa wapi?" Timazi akamuuliza fundi.

"Ya bure, mzee, yalikuwa hapa hapa. Ila ni laini mno, yananisumbua. Imebidi niyadonoe yote ndipo lipu ishike."

Jicho la Timazi lilikuwa limeshaanza kupanda ukuta, kozi kwa kozi, lenyewe, bila kuombwa. Kozi ya tatu, kushoto kwa mlango. Pembe ya juu ilikuwa imekatwa kidogo, aliikata yeye ili likae sawa chini ya dirisha. Mshipa mwekundu ulipita katikati. Uso ulikuwa nje, na wote ulikuwa umedonolewa, kishimo baada ya kishimo, kwa mkono mwepesi, kazi nzuri tu ya fundi anayejua kazi yake, kama ambavyo angefanya yeye. Kitone kilikuwa kimekwisha. Mduara ulikuwa umekwisha. Karibu na ukingo, mahali ambapo nyundo haikufika, palibaki kipande cha mkia, urefu wa ukucha, mistari miwili.

Aliweka kiganja chake juu yake.

Nyuma yake mkokoteni ulinasuka, akasikia hatua za binti yake na mfuko wa blanketi ukiburuzwa. Fundi alikuwa amechota mwiko wa kwanza, anasubiri kwa adabu mzee aondoe mkono.

"Umeliona?" Sindano akauliza. Alikuwa anahema. "Baba? Ndilo hilo?"

Timazi akaondoa mkono. Lipu ikapigwa pa! juu ya jiwe, fundi akaisawazisha, akachota nyingine.

"Hapana," Timazi akasema. "Hapa halipo."

Sindano akautazama ukuta wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akautazama uso wa baba yake, akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Nilipoona haya mawe roho ilitaka kunitoka. Basi Daktari atakuwa amelitenga mwenyewe mahali pazuri. Akirudi tutamuuliza."

"Tutamuuliza."

Akaukunja mfuko, akaulaza ndani ya mkokoteni, akaanza kuusukuma kuelekea lango, akiuliza mama alipocheka alikaa chini kabisa, au alichuchumaa tu. Timazi akasema alikaa chini kabisa. Kabla ya kumfuata aligeuka mara moja. Ukuta wa kibanda ulikuwa umelalia kushoto, upana wa kidole. Aliuona, wala hakumwambia fundi.